UZI: Majabali ya Chilas: sala za wasafiri wa Kibuddha kando ya Mto Indus, na bwawa linalokuja kuyafunika

#1 Mpanda Vilima (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kaskazini mwa Pakistani, kwenye ukingo wa Mto Indus, mahali panapoitwa Shatial, mfanyabiashara mmoja aliandika ombi lake juu ya jabali zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Anajitaja kwa jina: Nanai-vandak, mwana wa Narisaf. Anasema amefika siku ya kumi, na ameiomba roho ya mahali patakatifu paitwapo Kart imfikishe upesi, amkute ndugu yake ni mzima, waonane kwa furaha.

Hakutaja bei ya hariri wala jina la mfalme. Mtu yuko njiani, milima imemzunguka pande zote, anamwaza ndugu yake. Aliandika kwa Kisogdia, lugha ya watu wa Samarkand na jirani zake, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistani na Tajikistani. Msomi wa Uingereza Nicholas Sims-Williams ndiye aliyetusomea maneno hayo.

Nimefungua uzi huu kwa sababu ukitaja Ubuddha na milima ya upande ule, wengi wetu tunakumbuka Bamiyan ya Afghanistani, zile sanamu kubwa zilizolipuliwa Machi 2001, na mazungumzo yanaishia hapo. Bonde la Indus ya juu lina kitu ambacho mimi nakipenda zaidi ya sanamu kubwa. Sanamu kubwa inahitaji mfalme, hazina na jeshi la mafundi. Huku ni mtu mmoja na jiwe lake la kugongea, amepumzika safari, anachonga alichokiamini kisha anaondoka. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo inakwenda kuzama, kwa hiyo nataka tuizungumze ingali juu ya ardhi.

Eneo lenyewe ni hivi. Indus inashuka kutoka Baltistan, inapita chini ya Nanga Parbat, mlima wa mita 8,126, halafu inaingia kwenye korongo refu la mawe na mchanga. Mji mkubwa wa hapo ni Chilas, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200. Juu yako unaona barafu, chini ulipo ni jangwa. Mvua haba, majani hakuna, na wakati wa kiangazi joto linavuka nyuzi 40. Kuanzia Shatial hadi daraja la Raikot, zaidi ya kilomita 100, majabali ya kingo zote mbili yamejaa michoro. Watafiti wamehesabu zaidi ya michoro 50,000 na maandishi yapata 5,000, kwa hati karibu 10 tofauti: Kibrahmi ndicho kingi kupita zote, halafu Kharoshthi, Kisogdia, Kibaktria, Kiajemi cha Kati, Kichina, Kitibeti, hata Kiebrania kidogo. Sijui bonde jingine la mashambani lililopitiwa na ndimi nyingi hivyo likatunza ushahidi wake juu ya mawe yake yenyewe. Ni kama daftari la wageni la gesti ambalo hakuna aliyewahi kuchana ukurasa.

Si yote ya Kibuddha. Ya zamani kabisa ni wanyama na wawindaji, yamekadiriwa kuwa ya maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Ya Kibuddha yanaanza karibu na karne ya 1 na kustawi hasa kati ya karne ya 5 na ya 8.

Nitaendelea. Ngojeni kwanza niweke hiki.

#2 Korosho za Mtwara

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Ila nieleze jambo moja kabla hujaenda mbali. Mchoro wa miaka 1,500 juani unabakije? Sisi ukuta tukipaka rangi mwaka huu, mwakani umepauka.

#3 Mpanda Vilima (mleta uzi)

Swali zuri, maana ndilo linaloeleza kwa nini watu walichagua mawe yale.

Hawakupaka rangi. Majabali ya pale yana utando mweusi unaong'aa, unaojijenga juu ya jiwe kwa karne nyingi sana katika nchi kavu. Vumbi linatua, unyevu kidogo wa usiku unalishika, na madini ya chuma na manganizi yanabaki juu na kugeuka ngozi ngumu ya rangi ya kahawia iliyoiva hadi nyeusi. Ukigonga kwa jiwe gumu au patasi, ngozi inabanduka na ndani yake jiwe linaonekana jeupe au la rangi ya mchanga. Kwa hiyo msafiri alikuwa na ubao mweusi tayari, na "chaki" yake ilikuwa kugonga tu, nukta baada ya nukta.

Halafu utando unaanza kujijenga upya juu ya mchoro. Mchoro wa maelfu ya miaka unakuwa umerudi kwenye weusi, unauona tu jua likiwa limelala asubuhi au jioni. Wa karne ya 6 bado una wekundu. Wa jana ni mweupe pe. Wataalamu wanatumia tofauti hiyo ya rangi kupanga kipi kilitangulia kipi, hasa pale mchoro mmoja ulipochongwa juu ya mwingine. Haikupi mwaka, inakupa mpangilio.

Na kwa nini pale, siyo kwingine? Kwa sababu pale ndipo watu walipolazimika kusimama. Michoro haikutawanyika sawasawa. Imerundikana karibu na vivuko na midomo ya mabonde ya pembeni, kama Chilas na Thalpan zinazotazamana, moja kusini na moja kaskazini ya mto. Kiangazi theluji inapoyeyuka, Indus inafura na kuchafuka, inakuwa maji ya rangi ya saruji yanayonguruma. Msafara unangoja maji yapungue, unangoja wenyeji wa kuwavusha, unangoja habari za njia huko mbele. Mtu mwenye siku za kungoja na jabali jeusi mbele yake, na moyoni ana hofu ya njia, atafanya nini?

Na hofu ilikuwa na sababu. Mtawa wa Kichina Faxian alipita milima hiyo karibu na mwaka 400 akielekea India kutafuta maandiko. Ameacha maelezo ya njia iliyochongwa ubavuni mwa genge, ngazi 700, na chini kabisa daraja la kamba juu ya Indus. Anasema ukisogea mbele kizunguzungu kinakushika, na mguu haupati pa kukanyaga.

#4 Bint Tumbatu

Nondo nzito hizi. Sasa twambie hiyo michoro yenyewe ina nini. Ni Buddha amekaa tu amefumba macho, au kuna visa?

#5 Mpanda Vilima (mleta uzi)

Visa vipo, na vizuri mno dada.

Kingi kuliko vyote ni stupa, lile kuba linalojengwa juu ya masalia matakatifu. Zimechongwa kwa mamia. Nyingine ni mistari michache tu, nyingine zina ngazi, vibaraza, miavuli juu na bendera zinazopepea. Msafiri asiye na uwezo wa kujenga stupa ya kweli aliichonga, na thawabu alihesabu ni ileile. Chini yake mara nyingi kuna maneno ya Kisanskriti yanayosema hii ni sadaka ya fulani. Majina ni mengi mno.

Shatial kuna mchoro mkubwa wenye stupa ya fahari katikati, na pembeni yake kisa cha Mfalme Shibi. Njiwa anakimbilia kwa mfalme, mwewe anamfuata. Mfalme anakataa kumtoa njiwa. Mwewe naye anadai haki yake, kwamba akikosa nyama atakufa yeye. Basi mfalme anakata nyama ya mwili wake mwenyewe kwenye mizani, uzito wa njiwa. Wabuddha wanaamini huyo mfalme alikuwa Buddha mwenyewe katika maisha ya awali. Fikiri mfanyabiashara anayeishi kwa mizani mwaka mzima anakuta mizani hiyo jabalini.

Thalpan kuna kisa cha simbamarara jike mwenye njaa, karibu kula watoto wake, na mwanamfalme anayejilaza mbele yake ili aliwe. Kuna Buddha akijaribiwa na Mara, yule mshawishi, kabla ya kupata nuru. Kuna hotuba yake ya kwanza katika bustani ya wanyama paa. Mchongaji wa Thalpan alikuwa fundi kweli: mikunjo ya vazi, vidole, mwelekeo wa kichwa, vyote kwa nukta za kugonga juu ya jiwe lisilo laini.

Na pale pale Thalpan kuna jabali wanaloliita la madhabahu, la zamani kuliko Ubuddha wa bonde hilo, lenye mpiganaji aliyevaa Kiajemi akichinja mbuzi, na wanyama waliokunja mguu wa mbele kama walivyochorwa Uajemi ya kale. Kwa hiyo Wabuddha walipofika walikuta jiwe lina wenyewe. Wakachonga jirani.

Kuna jambo moja linanikaa sana. Pamoja na stupa zote hizo jabalini, Chilas hayajapatikana magofu ya nyumba kubwa za watawa kama yale ya Swat au Taxila, kwingineko kaskazini mwa Pakistani. Jason Neelis, aliyesomea sana njia hizi, anaonyesha kwamba dini hapa ilipita na watu wa njiani bila kuwa na makao makubwa. Bonde halikuwa na shamba la kutosha kulisha watawa mia. Kwa hiyo ukitaka kuusikia Ubuddha wa Indus ya juu, mawe haya ndiyo hekalu. Hakuna jengo jingine la kukimbilia.

#6 Mswahili wa Muscat

Assalaam alaykum wakuu. Mleta uzi umenikumbusha, kazini kwetu tuna kijana wa Gilgit. Nimemsomea kwa Kiingereza changu nusu nusu, kafurahi sana. Kasema kwao kuna Buddha kwenye genge, nje kidogo ya mji, na bibi yake akimwambia lile ni zimwi jike lililokuwa likila watu, mtu mtakatifu akaligandisha kwenye mwamba.

Lakini nami niulize bila kuficha. Sisi ni Waislamu, na watu wa huko ni Waislamu. Masanamu haya ya ibada ya watu wengine yatunzwe kwa gharama ya nani, na kwa hoja ipi? Nauliza kwa nia njema.

#7 Mpanda Vilima (mleta uzi)

Wa alaykum salaam, kaka. Nimekusikia na nitakujibu kwa nia hiyo hiyo.

Kwanza huyo wa genge anaitwa Buddha wa Kargah, yuko kilomita kama 10 kutoka mji wa Gilgit. Amesimama, mkono wa kulia umeinuliwa kifuani. Hadithi ya bibi ni ya kweli kwa maana kwamba ndivyo wenyeji wanavyosimulia: zimwi, Yachani, mla watu, kagandishwa. Angalia hadithi hiyo ilivyofanya kazi. Watu walibadili dini, jina la Buddha likasahaulika, lakini sura ikapata maana mpya na hakuna aliyeona haja ya kuivunja. Na jirani na hapo, Naupur, mwaka 1931 yalifukuliwa maandiko ya Kibuddha yaliyoandikwa kwenye magome ya mti wa bechi, ambayo sasa ni miongoni mwa hati za kale kabisa za Kibuddha zilizosalia upande ule wa dunia.

Kule Skardu, Baltistan, kuna jabali la Manthal: Buddha ameketi katikati, amezungukwa na Mabuddha wadogo 20, na wawili wakubwa wamesimama pembeni. Watu wa hapo ni Waislamu kwa karne nyingi. Jabali lipo.

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza ni kwamba Waislamu wa milima ile ndio waliotutunzia. Hawakuhitaji kuziabudu ili waziache.

Ya pili, sitaki kupamba. Madhara yapo. Hata kabla ya Uislamu kukaa Chilas, kuna majabali yenye wapanda farasi na mashoka ya vita yaliyochongwa juu ya stupa, na mtafiti Karl Jettmar aliona hapo alama ya watu waliokuja wakiwa wapinzani wa Ubuddha. Bonde la Swat, kijiji cha Jahanabad, kuna Buddha wa mita kama 7 aliyekaa ubavuni mwa mwamba tangu karibu karne ya 7. Mwaka 2007 Wataliban walitoboa mwamba, wakatia baruti, wakamlipua uso. Wataalamu wa Italia, ambao wamekuwa Swat tangu 1955, walifanya kazi ya kumrudishia sura wakiongozwa na Luca Maria Olivieri, pamoja na wenyeji, na hawakujaribu kufuta kila kovu. Na mwaka 2020 zilisambaa picha za majabali ya huko Diamer, wilaya ya Chilas, yamepakwa rangi, bendera na kauli za kidini juu ya Mabuddha.

Gharama ya nani? Hapo una haki ya kuuliza. Ninavyoona, mwenye kuchora rangi juu ya Buddha mara nyingi ni kijana ambaye hajawahi kuambiwa na yeyote kwamba jiwe lile ni lake. Ameona wageni wanakuja na kamera, wanapiga picha jiwe, wanaondoka, yeye hata salamu hakupewa. Utunzaji unaoanza na jiwe na kumruka kijana huyo hauwezi kusimama.

#8 Mswahili wa Muscat

Hapo kwa kijana umenigusa. Nitamuuliza huyu mwenzangu kama shuleni waliwahi kupelekwa kuyaona. Nashuku jibu.

#9 Fundi Mitambo

Wakuu, mimi niko upande wa umeme, na naomba nisikilizwe.

Pakistani ina watu zaidi ya milioni 200 na mgao wa umeme umewatesa miaka mingi. Bwawa la Diamer-Bhasha litatoa megawati 4,500. Litahifadhi maji ya kilimo kwa nchi ambayo karibu yote inategemea mto mmoja. Litazuia tope lisijaze bwawa la Tarbela lililo chini. Mafuriko ya 2010 kila mtu anayakumbuka. Sasa mtu aliye mbali anasema michoro. Mimi naheshimu historia, lakini hospitali inayozima taa katikati ya upasuaji nayo ina haki yake. Tupige picha nzuri za majabali, tuyaweke kwenye kompyuta, tujenge bwawa.

#10 Mpanda Vilima (mleta uzi)

Mkuu Fundi, sikupingi kwenye umeme. Ujenzi unaendelea, mto ulishachepushwa Desemba 2023, na sitakaa hapa kuwaambia watu wa Karachi na Chilas wakae gizani. Wala sikubali kwamba picha zinatosha. Nieleze kwa nini.

Ukuta utakuwa na kimo cha mita 272. Ziwa litarudi nyuma hadi karibu na Raikot, litafunika kama kilomita 100 za Barabara Kuu ya Karakoram, vijiji, mashamba, na michoro zaidi ya 30,000. Thalpan yote, sehemu kubwa ya Chilas, Hodar. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kila kilichohesabiwa.

Kazi ya kuandikisha imefanyika, na imefanyika vizuri sana. Jettmar, Mwaustria, na Ahmad Hasan Dani, baba wa elimu ya mambo ya kale ya Pakistani, walianza pamoja barabara ilipofunguka mwishoni mwa miaka ya 1970. Halafu Akademia ya Sayansi ya Heidelberg, Ujerumani, chini ya Harald Hauptmann, ikaendelea kwa miongo: jabali kwa jabali, mchoro kwa mchoro, juzuu nene moja baada ya nyingine. Hao watatu wote wameshafariki, kazi yao ipo. Bila wao tusingekuwa hata na cha kubishania.

Lakini picha inakupa mchoro. Haikupi mahali. Nimesimama Thalpan, kwa mwaliko wa familia ya mtu niliyefanya naye kazi, na kilichonishika haikuwa Buddha peke yake. Ni kwamba ukigeuka kutoka kwa Buddha unaona kivuko. Unaona upande wa pili ambako nao walichonga. Unaelewa kwamba mtu huyu alichonga akiwa ametazama maji ambayo kesho yake angevuka. Ile sala ina upande inaoelekea. Jiwe likipelekwa ukumbini Islamabad linabaki na Buddha, upande wake linaupoteza.

Watu hutaja Abu Simbel ya Misri. Sawa, tuitaje. Kati ya 1964 na 1968 mahekalu yale yalikatwa vipande vya tani 20 hadi 30, yakainuliwa mita 65 juu ya maji ya Aswan, yakaelekezwa jua lile lile. Dunia nzima ilichanga. Lakini Abu Simbel ni mahekalu mawili ya Ramses, yenye sura inayotambulika na kila mtu. Chilas ni maelfu ya majabali yaliyotawanyika kilomita 100, mengi yana stupa moja na jina moja la mtu asiyejulikana. Nani atachanga kwa ajili ya mtu asiyejulikana? Ndiyo maana mpango uliopo ni wa kuchagua: machache kuhamishwa au kukatwa, mengine kunakiliwa kwa leza, na makumbusho. Kuchagua hakukwepeki, nakubali. Ila anayechagua atachukua Buddha mzuri wa Thalpan na kuacha stupa ya mtu aliyechonga vibaya kwa sababu hakuwa fundi, alikuwa na hofu tu. Kwangu huyo wa pili ndiye bonde lenyewe.

Na tukiitaja Aswan tuwataje na Wanubi, waliohamishwa vijiji kwa vijiji. Diamer nako familia zaidi ya 4,000 zinahama. Mwaka 2025 wananchi walikaa Chilas wiki kwa wiki wakidai: tupeni haki zetu, ndipo mjenge bwawa. Fidia, ardhi, ajira, umeme wenyewe unaotoka kwao. Nadhani madai yao na madai ya majabali yanakwenda pamoja. Makumbusho yakiwekwa Chilas, siyo mji wa mbali, na vijana wa Chilas wakafundishwa kunakili, kuhifadhi na kuongoza wageni, bonde litabaki na kitu. Yakibebwa kupelekwa mji mkubwa, watakuwa wamepoteza shamba, nyumba na mawe kwa mpigo.

#11 Fundi Mitambo

Nimekuelewa kwenye suala la Chilas kubaki na mali yake, na hilo nakuunga mkono mia kwa mia. Kwenye "mahali" bado tunatofautiana. Mimi nikiwekwa kuchagua kati ya upande ambao sala inaelekea na bwawa, nachagua bwawa. Lakini fedha za mradi mkubwa namna ile haziwezi kukosa za kuhamisha majabali mengi zaidi ya machache. Winchi zipo pale pale, barabara mpya inachongwa pale pale. Jabali la tani 30 kwa vyombo vya kisasa ni kazi ya kawaida ya siku.

#12 Mpanda Vilima (mleta uzi)

Hapo umesema jambo la kifundi ambalo ningependa walio kwenye mradi walisikie. Vyombo vikiwa tayari eneo la kazi, kuinua jabali kabla ya maji ni rahisi kuliko kuja kujuta baadaye. Na yapo mengi ambayo hayajashikana na mwamba wa chini, ni mawe yaliyoletwa na mto, yamekaa tu juu ya mchanga. Hayo yanaweza kupandishwa juu ya kimo cha ziwa papo hapo bondeni, yakaendelea kuutazama mto. Mita mia kadhaa juu zaidi, upande ule ule. Hilo lingenitosha kwa sehemu kubwa ya hoja yangu ya #10.

#13 Korosho za Mtwara

Mkuu, na jiwe la Nanai-vandak? Nalo linazama?

#14 Mpanda Vilima (mleta uzi)

Hapana. Shatial iko chini ya ukuta, upande mto unakoelekea, kwa hiyo ziwa la Diamer-Bhasha haliifikii. Lakini iko kati ya ukuta huo na bwawa jingine la Dasu linalojengwa chini zaidi, na barabara inapita karibu sana. Barabara imeshaharibu majabali huko: wakati wa kujenga na kupanua, mengine yalipasuliwa kwa baruti kama mawe ya kawaida. Mengine yamepakwa matangazo na kauli za siasa. Kwa hiyo kutozama hakumaanishi kusalimika.

Kwa nini Wasogdia waliandika kwa mamia Shatial na wachache tu wakaonekana kwingineko bondeni? Jettmar alidhani pale ulikuwa mpaka wa biashara: wafanyabiashara wa Samarkand waliruhusiwa kufika hapo, wakabadilishana mali na watu wa kusini, wakarudi. Kama ndivyo, Nanai-vandak alikuwa ameufikia mwisho wa njia yake, na ombi lake la kumwona ndugu ni la mtu anayegeuza kurudi.

#15 Bint Tumbatu

Nimesoma #14 nikalisoma tena lile ombi la #1. Limekuwa zito zaidi.

Mtu akitaka kwenda anafikaje, na aanzie wapi? Na mwanamke peke yake?

#16 Mpanda Vilima (mleta uzi)

Kutoka Islamabad kuna njia mbili. Kiangazi unapita bonde la Kaghan na njia ya mlimani ya Babusar, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 4,100, halafu unateremka moja kwa moja Chilas. Theluji ikianguka Babusar inafungwa, unabaki na Barabara ya Karakoram kupitia Besham na Dasu, ndefu na ya maporomoko. Ndege zipo hadi Gilgit na Skardu, lakini hali ya hewa ya milimani huzifuta mara kwa mara, kwa hiyo usipange siku kwa kubana.

Usiende katikati ya kiangazi kama huna sababu, joto la Chilas linachoma na jua la mchana linafuta michoro machoni. Majira ya machipuko au ya kupukutika majani ndiyo mazuri. Fika kwenye mawe mapema asubuhi au baada ya alasiri, jua likilala kila nukta inaonekana.

Kwa mwanamke: Diamer ni eneo la wahafidhina sana, kuliko Hunza au Skardu. Wengine wamekwenda na kurudi salama, lakini mimi ningekushauri uende na mwenyeji aliyefahamiana na familia ya huko, uvae stara ya kwao, na uulize kabla ya kupiga picha watu. Ulizia pia hali ya usalama wiki ile ile unayosafiri, hubadilika.

Ukiwa na siku chache anza Thalpan, ng'ambo ya mto kutoka Chilas, kwa kuwa ndiyo itakayofunikwa. Halafu Chilas yenyewe, zile stupa za kale zenye Kharoshthi karibu na mto. Shatial ipo njiani kama umekuja kwa Dasu. Kargah na Manthal ziache mwisho, hizo haziguswi na maji. Usiguse michoro kwa mkono, usipige chaki ili picha itoke vizuri, na usimwage maji juu yake. Vyote hivyo nimeona watu wakivifanya.

Mswahili wa Muscat, ukipata jibu la yule kijana wa Gilgit kuhusu shule, liweke hapa.

#17 Mswahili wa Muscat

Nimemuuliza. Anasema hawakupelekwa. Kargah alipelekwa na mjomba wake siku ya Idi, kutembea tu na kula matunda. Likizo ijayo anataka kushuka hadi Chilas na wadogo zake kabla maji hayajaja, na ameniomba nimtafsirie #5 na #16.